Kilo Saba za Mawe

Nilifungiwa kwenye stoo ya mawe kwa sababu ya begi la mgongoni. Sikuwa nimeiba. Sikuwa nimepigana na mtu. Nilikuwa nachagua begi.

Ilikuwa Alhamisi. Ijumaa jioni ndege yangu ilikuwa inaondoka Mwanza. Jumamosi binti yangu Aneth alikuwa anafunga ndoa Dar es Salaam. Na mimi, baba yake mzazi, nimekaa juu ya viroba vya mawe, mlango wa bati umepigwa kufuli kwa nje, nasikiliza vijana wakibishana kama nipelekwe polisi au nichapwe kwanza.

Kwa msomaji ambaye ndiyo kwanza tunakutana, jina langu ni Makoye. Nimekwisha kusimulia jinsi dagaa wangu wa Nkome walivyonyeshewa mpaka wakanuka, na jinsi karasha, mashine ya kusaga mawe niliyoinunua kwa ubia, ilivyoungua kabla haijasaga hata kiroba kimoja. Mikosi hiyo ndiyo iliyonifikisha kwenye duara la Mama Amosi, nje kidogo ya Kharumwa.

Duara ni shimo la dhahabu. Shimo ni la Mama Amosi, jasho ni letu. Mawe yakipandishwa yanajazwa kwenye viroba, yanakaa mpaka siku ya mgao, kila mtu anapewa viroba vyake. Kabla ya mgao, hata kokoto haitoki.

Shika hilo. Hata kokoto.

Aneth alisoma Dar, akilelewa na mdogo wangu Athanas. Athanas ana duka la vipuri, ana gari, ana kitambi cha mtu anayelala vizuri. Majuzi alinipigia.

"Kaka, nimeshashona suti."

"Suti ya nini?"

"Ya kumkabidhi mtoto. Si kwamba nakuombea usifike. Ila kwa jinsi mambo yako yanavyokwenda, lazima mtu awe tayari."

Mtu awe tayari! Awe tayari kumshika mwanangu mkono na kumpeleka mbele ya kanisa, mahali ninapotakiwa kusimama mimi. Niliapa nitafika hata kwa kutambaa.

Aneth akanirahisishia. Alinitumia tiketi ya ndege, halafu akapiga.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama yangu."

"Sikiliza vizuri. Tiketi hii ni ya bei ya chini. Hakuna mzigo wa kuweka kule chini ya ndege. Unaingia na begi moja tu, la mgongoni. Kilo saba, zisizidi. Na pale uwanjani kuna kifremu cha chuma, begi lisipoingia humo wanakuzuia."

"Kiroba kinaingia?"

"Baba! Wakwe zangu wanakuja kukupokea. Usishuke kwenye ndege na kiroba."

"Sawa, mama."

"Na mizigo ya watu usichukue. Nakujua wewe."

Hapo ndipo alipogusa penyewe. Kwetu huku mtu akisema anasafiri, amejitangaza kuwa lori. Kabla sijamaliza kusema neno "Dar", kambi nzima ilikuwa imeshafunga vifurushi. Huyu samaki wakavu wa shangazi yake. Yule samli ya mwanawe anayesoma chuo. Hukatai. Kumkatalia mtu kifurushi ni kumwambia kwamba ndugu yake si kitu.

Mimi nikakataa vyote. Kilo saba, nikawaambia. Begi dogo. Wakanuna, wakaondoka.

Aliyenuna kuliko wote ni Sostenes, msimamizi wa duara, kijana ambaye ningeweza kumzaa. Alikuja na fundo la michembe, vile viazi vitamu vinavyokatwa na kuanikwa mpaka vikauke, limefungwa kwenye kipande cha kanga.

"Ya kaka yangu, mzee Makoye. Yuko Tandika. Kilo mbili tu."

"Nafasi hakuna."

"Hata begi lenyewe hujanunua."

"Nitakalonunua litakuwa dogo."

"Mama yangu ameianika kwa mkono wake. Ana miguu mibovu yule. Alikuwa anaburuta kigoda juani."

"Mpe pole mama. Nafasi hakuna."

Alilichukua fundo lake, akalipangusa kama vile nimelitemea mate, akaenda zake.

Alhamisi hiyo ya gulio nikashuka Kharumwa kutafuta begi. Muuzaji anaitwa Nasibu, Mrangi wa Kondoa, mabegi yake ya mtumba yananing'inia kwenye miti kama nyama buchani.

"Mzee wangu, unasafiri au unahama?"

"Nasafiri. Kwa ndege."

"Ahaa! Basi kaa. Ndege ina adabu zake."

Alishusha la kwanza. Kubwa, jeusi, lina magurudumu na mpini wa kuvuta. Nikalipenda. Lilionekana begi la mtu mwenye mambo yake.

"Linyanyue," akasema.

Nikanyanyua. Tupu, lilikuwa zito kama mtoto aliyelala.

"Umeona? Hayo magurudumu na vyuma vimeshakula nusu ya kilo zako. Utabeba begi, nguo utaacha."

La pili lilikuwa la shule, jepesi, rangi ya chungwa, lina picha ya katuni. Nikamwangalia.

"Nimeonyesha tu," akasema. "Wazee wengine hawajali."

La tatu ndilo lililoniponza. La kijivu, halina mbwembwe. Zipu yake ilizunguka pande tatu, ukiifungua begi linalala wazi kama sanduku, unaona soksi zako na shati lako bila kuchimba. Mgongoni lina sponji. Kifuani lina mkanda, kiunoni lina mkanda. Na pale linapogusana na mgongo wako, ndani ya sponji, kuna zipu nyingine ndogo ambayo huioni mpaka uonyeshwe.

"Mfuko wa siri," Nasibu akanong'ona, ingawa hapakuwa na mtu. "Kitambulisho, simu, hela. Mwizi anatoboa begi zima, hapa hafiki."

Alitoa futi ya fundi cherehani. Tukalipima urefu, upana, unene. Vyote chini ya vipimo alivyonitumia Aneth kwenye simu. Hata hivyo nilisitasita. Mtu wa viroba ukimpa zipu nne anaona anatapeliwa.

"Sasa nitajuaje kama halitanikata mabega?"

"Mzee wangu, kila begi ni zuri likiwa tupu. Nenda nalo. Lijaze kilo saba kamili, livae, tembea mpaka utoke jasho. Likikuumiza lirudishe kabla sijafunga kibanda, nikupe jingine. Nikishafunga, ni lako."

Biashara ya haki. Nikalipa, nikarudi nalo kambini nikiwa nimelivaa.

Nilitoa nguo zangu zote. Suruali mbili, mashati matatu, koti la kuazima, viatu vya kanisani. Nikavipanga, nikafunga zipu, nikalitundika begi kwenye mzani wa pale tunapopimia mawe.

Kilo tatu na nusu. Pamoja na begi lenyewe.

Nilisimama pale nikiuangalia mzani. Mtu mzima, nina mvi, na kila ninachomiliki duniani hakifikii hata mzigo ambao ndege inaruhusu bure.

Lakini nilitakiwa kulijaribu kwa kilo saba. Nikatoa nguo nzuri nisizichafue. Nikaangalia huku na huku nitafute kitu kizito. Na kwenye duara, ndugu msomaji, kitu kizito ni kipi?

Nyuma ya choo kulikuwa na lundo la kifusi, mawe yasiyo na kitu tuliyoyatupa tangu shimo lilipoanza. Tulikuwa tunalikanyaga kila siku. Mama Amosi alishafukia nayo mashimo ya barabarani. Nikachagua mawe ya kutosha, nikayakung'uta vumbi. Na kwa kuwa begi lilikuwa jipya na lingeweza kurudishwa, nikayavika mawe yale fulana zangu kuukuu, moja moja, yasije yakachubua bitana.

Mzani ukasema kilo saba. Nikavaa, nikafunga mkanda wa kifua, nikafunga wa kiuno, nikaanza kutembea.

Lilikaa vizuri, sitaki kusema uongo. Uzito ulishuka kiunoni, mabega yakapumua. Nilikwenda mpaka kwenye mahindi, nikarudi. Nikajiona nashuka kwenye ndege, wakwe wamejipanga, mikono yangu miwili iko huru kuwapa. Nikaamua palepale. Hili ndilo.

Nikageuka. Sostenes kasimama njiani.

"Mzee Makoye. Ulisema begi dogo."

"Dogo. Si unaliona?"

"Mbona limevimba?"

"Nalijaribu."

"Kwa kitu gani?"

"Kwa mawe."

Nilisema hivyohivyo, kama mpumbavu. Kwa mawe. Sikuona kosa lolote mpaka nilipoona macho yake.

"Michembe ya mama yangu imekosa nafasi," akasema polepole. "Mawe ya duara yamepata."

Halafu akapaza sauti, na watu wakatoka kila upande, wengine bado wana tochi vichwani. Begi likavuliwa mgongoni mwangu. Zipu ikazunguka pande tatu, begi likalala wazi kama sanduku, sawasawa na alivyosifia Nasibu.

"Ameyavika fulana!" mmoja akapiga kelele. "Jamani, mawe yana fulana!"

"Yanaogopa baridi ya ndege!"

Wakacheka. Mimi nikajitahidi kucheka nao. Sostenes hakucheka. Kidole chake kilikuwa kimeipata zipu ya mgongoni.

"Na huu?"

"Wa kitambulisho."

"Kitambulisho chako umekiweka kwenye soksi, kila mtu anajua. Mfuko wa siri wa nini?"

Kicheko kilikatika. Ndipo nikaingizwa stoo.

Mama Amosi alifika akiwa bado na aproni ya jikoni. Ni mwanamke wa maneno machache, na kila neno lina kazi yake. Kufuli ikafunguliwa, nikatolewa mlangoni.

"Baba Aneth. Umeniibia?"

"Sijaiba, Mama Amosi. Mawe haya ni ya lundo la kifusi. Nilikuwa nalipima begi."

"Begi linapimwa kwa mawe?"

"Ningelipima kwa nini? Kwa mito?"

Watu wakaguna. Nikaona wanateleza, nikashika kamba ya mwisho. Na kamba hiyo nilijifunga mwenyewe.

"Yatwangeni!" nikasema. "Chukueni mawe haya myatwange, myaoshe mbele ya watu wote. Yakiwa na dhahabu, mimi ni mwizi. Yasipokuwa nayo, mnifungulie nikawahi gari."

"Atwange nani?" Sostenes akauliza.

"Marcel."

Marcel ni Muha wa Kasulu. Nilipokuja hapa sina kitu, yeye ndiye aliyenidhamini kwa Mama Amosi. Hakuna aliyemkataa, mikono yake kila mtu anaiamini. Alichukua jiwe moja, akalitwanga kwenye kinu cha chuma mpaka likawa unga, akaumwaga kwenye karai, akatia maji, akaanza kuzungusha. Matope yakatoka, mchanga mwepesi ukatoka. Alizungusha mara ya mwisho, taratibu, akainamisha karai.

Halafu akaliweka chini.

Nilimwona anavyokwepa kuniangalia. Nikasogea. Pembeni ya karai, juu ya mchanga mweusi, kulikuwa na mstari wa njano, mwembamba kama uzi.

"Si kifusi hicho," mtu akasema nyuma yangu.

"Kumbe mzee anajua kuchagua."

"Twanga jingine!" nikamwambia Marcel. Akatwanga jingine. Nalo likaonyesha.

Nikarudishwa ndani. Safari hii hawakunisindikiza, walinisukuma.

Nilikaa juu ya viroba nikijiuliza swali moja. Mawe yale niliyaokota mwenyewe nyuma ya choo. Yamepataje dhahabu?

Jua lilikuwa limeanza kulegea Mama Amosi aliporudi, peke yake. Aliingia, akarudisha mlango nyuma yake, akakaa juu ya kiroba kama mgeni aliyekuja kutoa pole.

"Nimekwenda kwenye lundo," akasema. "Nimechukua mawe matatu, huku na huku. Nimeyatwanga mwenyewe jikoni, kwenye kinu cha karanga. Nayo yana njano. Baba Aneth, unasema kweli."

"Asante, Mama Amosi! Basi nifungulie."

"Ndiyo maana sikufungulii."

Nilifikiri sikumsikia vizuri.

"Fikiri," akasema. "Nikikutoa hapa nikasema hukuiba, swali la kwanza watakaloniuliza ni dhahabu ile imetoka wapi. Nitajibu nini? Nitasema nyuma ya choo? Kabla hujafika barabarani, Kharumwa yote itakuwa juu ya lundo langu na makoleo. Itakuwa rashi, mbio za dhahabu. Nani atawazuia? Mimi na aproni yangu?"

"Mimi sitasema kwa mtu."

"Wewe? Wewe uliyeulizwa kuna nini kwenye begi ukasema mawe?"

Kweli nilisema.

"Lori la kubeba lundo nitalipata Jumatatu," akaendelea. "Chagua. Ukitaka jina lako, kaa humu mpaka Jumatatu. Lori likiondoka, nitasimama mimi mwenyewe niwaambie wote hukuiba."

"Jumatatu! Mwanangu anaolewa Jumamosi!"

"Ukitaka harusi, utatoka kesho asubuhi. Lakini utasimama mbele ya watu useme uliyatoa mawe kwenye viroba vilivyopandishwa. Waridhike, waendelee na kazi, lundo libaki kifusi. Nitasema nimekusamehe kwa sababu ya mtoto. Utaondoka na begi lako."

"Na viroba vyangu vya mgao?"

"Mwizi hana mgao."

Alisema bila ubaya, kama mtu anayekutajia nauli. Akasimama, akajifuta vumbi.

"Na kuna Marcel. Ameliona karai, si mjinga. Hatoki humu kambini mpaka lori liondoke. Siri hii ni ya watu watatu. Ikivuja, mimi sikuivujisha. Wewe utakuwa mbali. Yeye nitakuwa naye hapa, na aliyemdhamini mwizi, polisi hawamwoni kama shahidi. Umenielewa?"

Nilimwelewa.

Baadaye kidogo nikasikia mtu anakwaruza bati kwa nje. Marcel.

"Makoye. Mama ameongea na mimi."

"Nami pia. Nifanyeje?"

"Unauliza? Nenda. Mtoto anaolewa mara moja."

"Wataniita mwizi, Marcel."

"Wameshakuita. Sasa wakuite bure bila hata harusi?" Akacheka kidogo, kicheko cha kulazimisha. "Nenda. Ila mdomo wako, ndugu yangu. Mpaka Jumatatu. Mimi ndiye ninayebaki."

"Sitasema."

"Hata kwa mtoto?"

"Hata kwa mtoto."

Niliahidi haraka namna hiyo. Nilikuwa naiona ndege tu.

Asubuhi ya Ijumaa watu walikusanyika kabla ya kushuka shimoni. "Mwangaluka," Mama Amosi akawasalimia, nao wakaitikia kama siku nyingine yoyote. Nikatolewa. Begi likaletwa, limejaa mawe bado.

"Avae," Sostenes akasema. Alikuwa ameshika simu, ameinyoosha usoni kwangu.

"Simu ya nini?"

"Ya kumbukumbu. Vaa, mzee."

Nikavaa. Akaniambia nifunge na mkanda wa kifua. Nikafunga.

"Sema jina lako. Lote."

Nikasema.

"Umefanya nini?"

Nilimtafuta Marcel katika kundi. Alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Nimechukua mawe," nikasema.

"Umechukua au umeiba?"

"Nimeiba."

"Umeyatoa wapi?"

"Kwenye viroba vilivyopandishwa."

"Ukayavika nini?"

Watu wakaanza kucheka kabla sijajibu.

"Fulana."

Nimezika wazazi. Nimeona dagaa wangu wakimwagwa ziwani kwa koleo. Hakuna siku niliyosimama na mwili ukakataa kuwa wangu kama siku ile. Wazee wenzangu walikuwepo. Mmoja alitema mate, si kwangu, chini tu, lakini nilielewa.

Mama Amosi akainua mkono. "Nimemsamehe kwa ajili ya harusi ya mtoto. Mgao wake umekufa. Kazini!"

Nikamwaga mawe, nikarudisha nguo. Zipu ikanishinda. Sostenes akaja akasimama juu yangu, mkononi ana lile fundo la kanga.

"Sasa nafasi ipo," akasema.

Nikalipokea. Nikaliweka katikati ya mashati na viatu, likaingia kama limepimiwa. Nikapita pale mzanini nikalitundika begi. Kilo tano na nusu. Michembe ilikuwa na nafasi yake tangu mwanzo. Samaki wa yule shangazi nao wangepata. Kama ningepokea vifurushi vya watu kama mtu yeyote wa kwetu, begi lingejaa kwa michembe na samaki, ningelijaribu kwa hivyo hivyo, na mkono wangu usingeokota jiwe.

Nilipopita gulioni kusubiri gari, Nasibu, aliyekuwa anafungasha mabegi kwenda gulio jingine, aliniita kutoka mbali.

"Mzee wangu! Hukurudi! Begi limekaaje?"

"Limekaa," nikasema.

Mwanza nilifika mapema. Uwanjani wakanielekeza kwenye kile kifremu cha chuma. Nikaliachia begi, likazama lote, likabaki na nafasi pembeni. Likawekwa mzanini. Dada wa pale akatabasamu.

"Safi sana, mzee. Wangekuwa wote kama wewe."

Nikaweka kitambulisho kwenye mfuko wa siri. Nikakaa kwenye kiti, begi miguuni, nikasema moyoni, Makoye, umetoka. Umepoteza, lakini umetoka.

Simu ikalia. Athanas.

"Kaka, uko wapi?"

"Uwanjani. Nimeshapita, nasubiri kuitwa."

"Usipande."

"Unasemaje?"

"Kaka, nisikilize. Kuna video. Iko kwenye kundi la harusi. Imeletwa na jamaa mmoja wa Tandika, mteja wangu wa vipuri, naye ni mchangiaji. Mdogo wake alimtumia, akamwambia mtu huyu ndiye anayekuletea michembe, mchunge, ni mwizi. Jamaa akaisambaza. Wakwe wameiona tangu mchana."

Nikaliangalia begi miguuni mwangu, na michembe yao ndani.

"Baba yake bwana harusi anasema hawezi kupokea mkwe mikononi mwa mtu wa namna hiyo mbele ya kanisa zima. Nimewatuliza. Nimewaambia nitasimama mimi. Usinielewe vibaya, suti iko tayari. Wewe rudi, tutasema unaumwa."

"Nipe mwanangu."

"Kaka..."

"Athanas, nipe mwanangu!"

Kukawa na mkwaruzo, kisha sauti ambayo ningeitambua hata nikiwa shimoni.

"Baba."

"Mama yangu."

"Nimeiona." Alikuwa amelia, akamaliza, akaanza tena. "Mimi siamini. Nakujua. Wewe huwezi kuiba hata chumvi. Walikulazimisha, si ndiyo? Niambie tu si kweli. Sema neno moja, mimi natoka hapa nikiwa na mafuta kichwani hivihivi, nasimama mbele ya wakwe na wageni wote, nawaambia baba yangu amesema si kweli. Watanisikiliza. Neno moja tu, baba."

Neno lilikuwa mdomoni. Nililisikia linavyogusa meno.

Lakini nikikataa wizi, wataniuliza mawe yalitoka wapi. Aneth atawajibu wakwe, wakwe watajibu kwenye kundi, jamaa wa Tandika yumo kwenye kundi, na mdogo wake ni Sostenes. Kabla ndege haijatua, lundo litakuwa na watu juu yake, na Marcel atakuwa mikononi mwa Mama Amosi.

"Baba, upo?"

Spika ya uwanjani ikatangaza. Abiria wa Dar es Salaam wasogee mlangoni. Watu wakasimama, kila mmoja na begi lake.

Na mimi nikasimama. Nikalivaa langu, nikafunga mkanda wa kifua, simu sikioni.

Viroba vyangu vya mgao vimekwenda. Duara limekwenda, na maduara mengine yote kutoka pale mpaka Geita, maana video haina mpaka. Jina langu limekwenda, nililitaja lote kwa mdomo wangu. Kiti changu kanisani kina suti ya mtu mwingine. Marcel yuko rehani. Mwanangu anasubiri neno moja, na siwezi kulitoa.

Begi halikunikata bega hata kidogo.